Siku Baba Alipokuja Kusikia Kinanda

Nikisema nilipiga piano Nyalikungu miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, wajukuu wanatazamana. Shauri yao. Piano ilikuwepo, katika ukumbi wa misheni, na mke wa mchungaji, Mzungu, alinifundisha miaka mitatu, jioni baada ya masomo.

Mwaka wa tatu mama huyo alitaka niende Mwanza, chuo cha ualimu, niendelee na muziki huko. Lakini nyumbani, Shishiyu, wazee walikuwa wamekwisha kuja kuniposa, na baba hakuwa amewajibu. Akatuma neno kwamba atakuja mwenyewe asikie hicho kinachonizuia kuolewa. Kikimpendeza, nitasoma. Kisipompendeza, narudi naye siku hiyohiyo. Na baba si wa kudanganywa: aliongoza ngoma miaka mingi, masikio yake yaliogopwa wilaya nzima.

Akaja Jumapili na majirani tele. Nikapiga magoti, nikamwamkia, "Mwadila, baba." Akaitikia kwa ufupi, akakaa benchi la mbele. Piano ilielekea ukutani, kwa hiyo nikampa mgongo. Baba mzazi, nampa mgongo! Nikaanza wimbo wa Mjerumani mmoja wa kale, usio na maneno, kurasa nne nzima.

Ukurasa wa pili nikasikia mabenchi yakisogezwa. Kisha nyayo, chache, halafu nyingi. Kwetu ngoma mbili hushindana uwanja mmoja, na mtazamaji hahitaji kusema kitu. Asipopendezwa anahama tu, anakwenda kwenye ngoma ya pili, na anayebaki bila watu ameshindwa. Nikajua wananihama. Machozi yakanijaa, noti sizioni, vidole vinakwenda kwa mazoea tu, maana kuachia katikati ingekuwa aibu juu ya aibu.

Nilipomaliza sikuthubutu kugeuka, mpaka mtu aliponipumulia shingoni. Loo! Walikuwa wamenizunguka, wamebanana, kina mama na watoto mgongoni, bibi mmoja ameegemea piano kabisa. Walikuwa wamehamia kwangu. Mke wa mchungaji hakuelewa. Alidhani ni fujo, akawaomba warudi kwenye viti, uso umemwiva. Kisha akanisifu, akasema nimepiga vizuri sana, bila kosa hata moja.

Sikumsikiliza. Nilikuwa namtazama baba. Alikuwa palepale kwenye benchi lake, peke yake katika ukumbi mzima. Hakuhama. Hofu ikanirudia mara mbili ya ile ya kwanza.

Akaniita kwa mkono. Nikaenda, nikapiga magoti tena mbele yake. Akaangalia vidole vyangu.

"Ng'wanone," akasema, kwa Kisukuma, yaani mwanangu, "mkono wako wa kushoto unaogopa. Wa kulia unausubiri, nao haufiki."

Ilikuwa kweli tupu. Miaka mitatu hakuna aliyewahi kuniambia. Nikainamisha kichwa, nikaanza kuwaza nguo zangu chache na nani atanisaidia kuzifunga. Baba akasimama, akavaa kofia yake.

"Sasa nikikurudisha nyumbani," akasema, "nani ataufundisha huo mkono?"