Maneno Aliyojiandikia Mzee

Mzee aliacha kazi siku ya Alhamisi, na Jumatatu iliyofuata nikakalia kiti chake. Meneja alituambia macho yamemsumbua na watoto wake wamemtaka apumzike nyumbani, Likoni. Hatukumuaga. Alianza kazi katika yadi yetu ya makontena ya Changamwe kabla yetu sote, na kompyuta kubwa iliyotunza kumbukumbu za kila kontena lililoingia na kutoka ilikuwa kama aliizaa yeye. Haikuwa na picha za kubonyeza. Unaandika neno, inajibu. Maneno mengi ya kuiamrisha aliyatunga mwenyewe, kwa Kiswahili: orodha, chapa, tafuta.

Miaka mitatu nilikuwa msaidizi wake, nikiingia kwenye kompyuta kwa jina langu na nywila yangu. Sasa meneja akanipa nywila ya mzee, kwa kuwa kazi nyingine ziliruhusiwa kwa jina lake tu. Asubuhi hiyo nikaandika orodha, neno nililoliandika kila siku. Badala ya makontena, skrini ikaandika:

Mama watoto hayupo. Tulimzika. Usimpigie simu.

Kisha ikanyamaza, ikinisubiri. Nilibonyeza kitufe cha kuendelea, na makontena yakashuka kwenye skrini kama kawaida.

Nje malori yalikuwa yakinguruma kwenye foleni na jua limeshapanda. Nikaandika chapa. Skrini ikasema: Dawa umeshakunywa. Usinywe tena.

Kompyuta haisemi jambo ambalo hakuna mtu aliyeliandika. Hilo nilifundishwa na mzee mwenyewe. Ukiipa neno, inapita folda moja baada ya nyingine kwa mpangilio iliopewa, ikitafuta programu yenye jina hilo. Ikikuta ya kwanza, inaiendesha na haitafuti tena. Mpangilio huo sisi tuliuita njia, na kila mtu anaweza kuwa na njia yake. Iko amri fupi, which, ya kuiuliza: neno hili unalitoa wapi? Nikaandika which orodha. Nilitarajia initajie folda tunayotumia sote. Ikanitajia folda ya mzee, ndani ya sehemu yake binafsi, jina lake kumbuka. Nikajaribu amri nyingine, type -a, ambayo haiishii kwenye ya kwanza bali hutaja zote. Zikatoka programu mbili zenye jina orodha: yake juu, yetu chini.

Nikaifungua ile folda. Mlikuwa na programu kumi na moja, kila moja imepewa jina la amri tuliyoizoea. Zote zilifanya jambo lile lile: zinaandika maneno, zinasubiri usome, kisha zinaiita programu ya kweli ifanye kazi yake. Nikazisoma moja moja. Gari la kurudi nyumbani ni lile la kijani. Meneja huyu ni mpya, yule wa zamani alihama. Na moja, ndani ya neno tafuta: Binti wa meza ya pili ana moyo mzuri. Ukisahau, muulize yeye. Usimwambie kwa nini.

Binti wa meza ya pili ni mimi.

Nilikumbuka asubuhi aliponiuliza swali moja mara tatu, nami nikamjibu bila kuinua kichwa, "Mzee, si nimekwambia sasa hivi?" Akasema, "Niwie radhi, mwanangu." Sote alituita mwanangu. Mimi, mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani aliyekuja kutoka bara, nilidhani ni adabu ya watu wa Pwani tu. Nikaelewa pia kwa nini kila siku, punde baada ya kuwasha kompyuta, alitoka akaenda kusimama kwenye ua wa yadi, ametupa mgongo. Nilidhani ananyoosha miguu. Kumbe kila asubuhi alikuwa akifiwa upya.

Wiki nzima nilifanya kazi hivyo, kila amri ikimleta mezani. Nikashindwa. Kuifuta ile folda sikuthubutu, ila niliiondoa kwenye njia, ili kompyuta isipite huko inapotafuta. Maneno yakanyamaza. Lakini folda ilikuwepo, na ukiandika anwani yote ya programu mojawapo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ilisema. Niliiandika zaidi ya mara moja, nikasoma, nikabonyeza. Sijui nilikuwa nataka nini.

Jumamosi nikapanda feri kwenda Likoni, na yale maneno nimeyanakili kwenye karatasi. Alinipokea binti yake, mtu mzima kunizidi. Aliyasoma amesimama.

"Sisi tumejua mwaka huu kuwa asahau," akasema. "Kumbe yeye ajua zamani, na hakutwambia."

Mzee alikuwa barazani, amevaa kikoi kisafi na fulana. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. U mwana wa nani?"

Nilimtajia babangu na mtaa wetu. Aliitikia kwa upole, kama mtu anayesikia habari ngeni. Binti yake akaniambia atayabandika yale maneno mle nyumbani, pengine yatamsaidia baba. La dawa jikoni, la mama juu ya kitanda.

Nilirudi baada ya mwezi. Jikoni karatasi ilikuwepo. Juu ya kitanda palibaki alama ya gundi. Nilimuuliza binti yake, naye alikuwa jikoni, ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Kila akiisoma ndiyo kwanza aambiwa," akasema. "Siku ya nne nikaibandua. Yeye huko kazini aliwezaje?"

Nikatoka barazani kumuaga mzee. Alinishika mkono, akaniangalia kwa makini, nikadhani labda leo amenitambua.

"Mwanangu," akasema, "huko ndani utokako, hukumuona mama watoto?"

Nyuma yangu sauti ya kukuna nazi ikakoma.

"Ametoka, baba," nikamwambia. "Atarudi."

Akanishukuru, akauachia mkono wangu. Kule jikoni kukuna kukaendelea.