Kifuko Nilichokiweka Rafuni

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya meno katikati ya jiji la Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Daktari Mkuu hakunikaribisha hata chai. Alinikabidhi kopo la fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, akasema, "Daktari, chochote utakachokata kinywani mwa mtu kitaingia humu na kwenda maabara. Hata ukikijua namna gani." Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, nimetoka kung'oa meno Kitui miaka nenda miaka rudi, nikamwona mzee yule ana kero za bure.

Ninyi vijana mna mashine za kupiga picha kichwa kizima. Sisi tulikuwa na vidole, sindano na filamu ya eksirei. Jino likifa, uchafu hushuka mzizini na mwili hujenga kifuko cha maji hapo. Kifuko kingine hukua juu ya jino lililokwama mfupani bila kuota, hasa gego la mwisho. Hakiumi. Hula mfupa polepole mpaka ukibonyeza ufizi unahisi ukibonyea kama ganda la yai. Kabla ya kupasua tulivuta kwa sindano: yakitoka maji ya manjano yanayometameta, ni kifuko, kisipotoka kitu, weka kisu chini umwite mpasuaji.

Niliijua kazi hiyo, na nilijua kwamba naijua. Hapo ndipo penye aibu yangu.

Wambui alikuwa na miaka ishirini na sita, akiuza misumari na mabati River Road, kwa sauti iliyovuka barabara bila kusukumwa. Alikuja na shavu limejaa upande wa kulia.

"Daktari, hii kitu haiumi hata kidogo," aliniambia. "Ni vile tu wateja wananiuliza kama nimeweka mandazi kwa mdomo."

Picha ilionyesha gego limelala ndani ya kivuli cheusi cha mviringo. Sindano ikatoa maji ya manjano. Nilimchoma ganzi, nikafungua ufizi, na baada ya saa nzima kifuko kikatoka kizima, bila kuchanika, gego likiwa ndani yake. Vifuko hutoka vipandevipande. Kukitoa kizima ni bahati na mkono mwepesi. Nesi alipiga makofi. Wanafunzi waliokuwa kwa mafunzo wakajazana kutazama, nami nikavimba kichwa.

Kukipeleka maabara kungemaanisha kukatwakatwa ili kisomwe kwa darubini. Sikutaka. Nilikitia kwenye chupa safi ya fomalini, nikakiweka kwenye rafu ya kufundishia. Jioni Daktari Mkuu aliuliza, "Ile nyama ya binti wa River Road imeenda maabara?"

"Imeenda, Daktari."

Nilimdanganya mzee aliyeniamini, tena bila kupepesa macho. Miaka mitatu niliwaonyesha wanafunzi chupa ile, na sikukosa kuwaambia ni nani aliyekitoa kifuko kile.

Kisha Wambui akarudi, shavu limevimba kuliko mwanzo na meno mawili yanacheza. Siku hiyohiyo niliishusha chupa na kuipeleka maabara mwenyewe. Baada ya siku chache msimamizi wa maabara alinipigia simu.

"Daktari, hii si kifuko tu. Kwenye ukuta wake kuna ameloblastoma, ule uvimbe unaotafuna taya. Nyama hii ilitolewa lini?"

Nilimwambia simu haisikiki vizuri, nikakata.

Kingesomwa wakati wake, tungeukwangua mfupa zaidi na kumpiga picha kila mwaka, na huenda taya lingebaki. Badala yake mpasuaji alikata nusu ya taya lake la chini. Wambui alipona, lakini maneno yalianza kumtoka kwa taabu, na kazi ya River Road ikaisha. Daktari Mkuu alikuwa amestaafu. Hakuna aliyeniuliza lolote, nami sikusema.

Sasa nimestaafu pia, naishi mtaa wa Mountain View. Wambui ana kibanda cha mboga Kinoo, si mbali na kwangu. Nilikigundua kwa bahati mbaya, na kila nilipopita aliwaambia wateja, kwa ule mdomo uliopinda, "Muone huyu mama. Ni yeye alijua ugonjwa yangu." Alinichagulia nyanya nzuri nzuri, nami nikazipokea. Miaka miwili nilizipokea.

Asubuhi moja nilishindwa kuvumilia. Nilimsubiri abaki peke yake, nikamweleza yote: rafu, uongo, na vile taya lake huenda lingeokoka. Nililia. Yeye hakulia. Alikuwa akikatakata majani ya sukuma wiki, akaacha.

"Wanafunzi walikuwa wanaiangalia?"

"Ndiyo."

"Miaka tatu?"

"Mitatu."

Alijifuta mikono kwa leso, polepole.

"Na sasa umeniambia ndio nani asikie nafuu?"

Mteja alifika nyuma yangu, Wambui akampimia mboga. Bado napita kununua kwake. Ananiuzia kama anavyomuuzia mtu yeyote, na nyanya najichagulia mwenyewe.