Kabati la Yaliyokwisha

Karani wa masijala hakuwahi kugonga muhuri bila kwanza kuupulizia mara mbili, kama mtu anayepoza chai. Vidole vyake vilikuwa na wino wa zambarau mpaka kwenye kucha, na kwa sauti ya kubembeleza aliwaambia watu kwamba faili lao "liko njiani", ingawa ofisi nzima ilikuwa na vyumba vitatu. Katibu wa kamati ya maji ya mtaa alikuwa ameambiwa hivyo kwa miezi minne. Asubuhi hiyo aligoma kuondoka.

"Kaka, watoto wanakwenda shule hawajanawa uso. Leo sibanduki hapa."

Karani akacheka, akafungua makabati yote. Barua ya kuomba kisima kichimbwe upya ikapatikana katika kabati lililoandikwa "Yaliyokwisha".

"Nani kaiweka huku?"

"Mimi," akajibu bila kupepesa, akimwonyesha mstari wa kwanza: *Maji ya kisima chetu yamekwisha.* "Si umeandika mwenyewe?"

Katibu akajikuta anacheka huku machozi yanamlenga. Karani akamsogezea karatasi mpya na kalamu.

"Andika tena, dada, niipeleke kwa mkurugenzi sasa hivi kwa miguu yangu. Ila safari hii, tafadhali, sema maji bado hayajaanza."