Nilimuua Shangazi kwa Mdomo

Msinionee huruma, ndugu wasomaji. Kosa lilianzia mdomoni mwangu, hata kama aliyenianika ni mtu mwingine.

Mimi ni mtoto wa Kamina, lakini miguu yangu haijui kutulia. Tangu nilipoacha sekondari nimeifuata reli: Kalemie, Kolwezi, Likasi. Na kila ninapofika, nakumbuka nyumbani.

Likasi, enzi za Zaire, nilikutana na mwenzangu wa shule. Nitamwita Banza. Alikuwa ameanza kuandika mashairi. Tukanywa, hamu ya kwetu ikanishika, nikamwimbia wimbo ambao shangazi yangu alimtungia mwanawe aliyezama katika mto Lualaba, kule Bukama. Kwetu wimbo kama huo ni wa aliyeutunga. Mwingine hauimbi bila ruhusa yake, na hauimbwi nje ya kilio cha msiba.

Banza alilia. Akauliza, "Mwenyewe iko wapi, tumuombe?"

Nilitaka aone kwamba wimbo ni wangu, nimeurithi. Nikasema, "Alishakufa."

"Basi itabakia hapa, kati yetu," akasema. Nikamwamini.

Mwaka uliofuata waandishi walikuja Kamina kuzungumzia vitabu vyao, siku nzima, katika ukumbi wa parokia. Banza alikuwa mmoja wao. Nikampeleka shangazi, nikijivunia rafiki yangu. Alivaa kikwembe kipya, akachagua benchi la mbele. Asubuhi alicheka sana.

"Hawa bantu, kazi yabo njo kusema uongo?" aliniuliza.

Mchana Banza akasimama na shairi lake jipya. Mstari wa kwanza tu, shangazi akanishika mkono. Banza alitaja mtumbwi, viatu vilivyobaki ukingoni, hata jina ambalo mtoto aliitwa nyumbani. Watu wakapiga makofi. Shangazi akasimama.

"Ule mutoto ni wangu. Nani alikupatia kilio yangu?"

"Citoyenne, maswali ni kisha," akasema msimamizi, akimwita "mwananchi" kwa Kifaransa kama ilivyokuwa desturi ya enzi zile.

Banza angeweza kuomba msamaha. Angeweza hata kunyamaza. Akaninyooshea kidole mbele ya watu wote: "Mama, muulize huyu. Alisema mwenye wimbo alishakufa."

Ukumbi ukacheka. Shangazi akanigeukia.

"Miye nilikufaka siku gani?"

Nilitoka mbio ukumbini. Nilipanda treni nikimlaani Banza, na mpaka leo sijamsamehe. Lakini uongo haukuwa wake.

Mama yangu alipofariki, nilirudi. Shangazi alikuja kwenye kilio, akapika, akafagia, akakaa karibu na maiti. Watu wakamngojea, maana katika ukoo wetu hakukuwa na mwingine aliyejua kumtungia mama wimbo wa kilio. Nikapiga magoti.

"Shangazi, tafadhali. Si kwa ajili yangu."

Alinitazama bila hasira. "Muntu ya kufa anaimbaka?"

Tulimzika mama kimya.

Wewe uliye mbali na kwenu, hamu ikikushika, imba wimbo wako mwenyewe. Kama huna, kunywa ukalale.