Kifuniko cha Darubini Ndogo

Nilianza kazi Jumanne, saa tisa na nusu alasiri, wiki yangu ya pili katika Kidato cha Pili. Mwalimu Mlezi wa Chama cha Astronomia alinipa ufunguo wa kabati, kitambaa laini na cheo: Mtunza Darubini. Nadhani alinichagua kwa kuwa mimi ni mkimya, na mtu mkimya hapotezi vitu. Nawaandikia ninyi mtakaoishika kazi hii baada yangu hapa shuleni Kendu Bay, mjue ilivyofanywa enzi zetu. Enzi zenyewe ni miaka miwili na kidogo, mtanisamehe.

Kazi yetu kubwa ilikuwa ya mchana, kuonyesha jua. Si kwa macho, kwa sababu ukilichungulia jua kupitia darubini unaweza kupofuka papo hapo. Tulielekeza darubini juani, tukashika karatasi nyeupe nyuma yake, na jua likaanguka pale, duara kama sahani, na madoa yake meusi. Juu ya darubini kubwa kuna ndogo ya kulengea nyota. Mchana hiyo hufungwa kifuniko, maana nayo hukusanya jua kimyakimya. Sheria ilikuwa hivi: kabla mtu yeyote hajasogea, Mtunza aseme kwa sauti, "Ndogo imefungwa," na Mwenyekiti aitikie, "Imefungwa."

Mimi sauti haikutoka. Mwenyekiti, dada wa Kidato cha Nne, alinihurumia. "Usijali, nyaminwa," aliniambia, yaani dada yangu. "Ukishindwa kusema, inua tu kidole gumba. Nitakuona."

Basi nikawa Mtunza wa kidole. Tulizunguka shule za msingi, Oyugis, Homa Bay, mpaka Isebania kule mpakani. Mwenyekiti alihadithia, mimi nikashika karatasi. Aliwaambia watoto jinsi setilaiti iitwayo Uhuru ilivyorushwa kutoka baharini karibu na Malindi, Sikukuu ya Jamhuri, mwaka 1970, ikagundua nyota zinazotoa miale isiyoonekana kwa macho. "Kutoka hapa hapa Kenya," alisema, "na nyinyi mnadhani anga ni ya Wazungu." Hadithi hiyo ndiyo aliyoiandaa kwa kongamano la sayansi la kaunti. Aliingoja siku ile kuliko mtihani.

Isebania kulikuwa na vumbi la malori. Kifuniko kidogo kilichafuka, nikakitoa nikifute, mtoto akaniuliza swali, nikakitia kifuniko mfukoni. Mwenyekiti aliponitazama, kidole changu kiliinuka chenyewe, kwa mazoea.

"Imefungwa," akaitikia.

Msichana mmoja aliinamia ile ndogo. Mwenyekiti aliona nukta ya mwanga ikitembea shavuni mwake, akaweka kiganja katikati. Mtoto hakuumia. Kiganja kiliungua, alama ndogo kama punje ya maharagwe.

Kesho yake Mwalimu Mlezi alituita ofisini.

"Nani alithibitisha kwamba ndogo imefungwa?"

"Niliitikia mimi, mwalimu," Mwenyekiti alisema. Hakunitaja wala hakunitazama.

Nilikuwa na kifuniko mfukoni. Nilikishika kwa nguvu mpaka kikaacha duara kwenye ngozi. Mwalimu alisema asiyeweza kulinda jicho la mtoto hawezi kuwakilisha shule. Kongamanoni alikwenda mwingine, akaisoma hadithi ya Uhuru kama anasoma orodha ya darasa.

Mimi nilibaki na cheo changu. Darubini haikuwahi kutunzwa vizuri hivyo, nami sikuwahi kuifurahia tena. Darubini ndogo niliifunika kwa kizibo cha chupa ya soda.

Nimestaafu Alhamisi iliyopita, siku ya kufunga shule, kwa kuwa Kidato cha Nne huachia vyeo. Mtunza mpya alipokea ufunguo, akageuzageuza kile kizibo. "Dada, cha kweli kilienda wapi?" Nikamwambia kilipotea. Hata siku ya mwisho nilidanganya.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Oyugis, ambako Mwenyekiti anauza sare za shule na mama yake. Aliponiona alitabasamu, akaangalia kidole changu kwanza, kama zamani. Nikauficha mkono ule nyuma. Kwa ule mwingine niliweka kifuniko juu ya meza, kati ya sweta, nikasema kwa sauti hata wateja wakageuka:

"Ndogo haikufungwa. Kifuniko kilikuwa mfukoni mwangu."