Tangawizi ya Hamira

Ulikuwa ule mwaka ambao shuwa haikufukiwa. Idi Kubwa ilifika, na badala ya nyama ya ukoo mzima kuingia shimoni pamoja, kila nyumba ilioka kipande chake kwenye jiko la umeme ikakila peke yake, milango imefungwa kwa ajili ya maradhi. Siku nyengine zote tulikula mkate. Watu wazima wenye vyeo vyao, ambao hawajawahi kushika unga, walikuwa wanakanda na kupelekeana picha za mikate kwenye simu. Hamira ikapotea Maskati nzima. Mimi ninayeoka mkate wa kumimina tangu sijavunja ungo, nikakosa hamira kwa sababu ya mabwana waliojifunza kukanda juzi! Nilisema maneno siku zile ambayo siyaandiki hapa.

Mjukuu wangu ndiye aliyeniokoa. Huyu ni binti wa mwanangu wa kiume ninayekaa naye hapa Mabela. Kazi yake ni benki, huko Ghubra, lakini mwaka ule akiifanyia chumbani kwake, juu shati la kazi, chini suruali ya kulalia. Siku moja akanijia jikoni anacheka.

"Bibi, hamira nimeipata. Lakini imekuja na ndoo."

Kweli, boksi lilikuwa na ndoo. Ndoo nyeupe yenye mfuniko, na kidude cha plastiki cha kuchomeka juu yake ili pumzi itoke na nzi asiingie. Mpira mrefu wa kuvutia kinywaji kutoka kwenye ndoo. Dawa ya kuoshea chupa. Mfuko wa tangawizi ya unga na sukari, vyote vimeshapimwa, kipakiti cha hamira, na karatasi ya maelekezo. Mjukuu wangu akanisomea. Kumbe huko ng'ambo watu hujipikia bia majumbani kwa ndoo kama hizi, ndio mchezo wao wa jioni, kama mwengine anavyofuga kasuku. Wananunua boksi, wanamimina maji, wanangoja. Wenyewe wanapika ya shayiri. Letu sisi lilikuwa la tangawizi, la kuumuliwa kidogo tu litoe povu, kisha linatiwa kwenye friji kabla halijaharibika tabia.

"Yaani mtu mzima anapimiwa sukari?" nikamuuliza.

"Bibi, fuata karatasi."

Nikafuata karatasi. Ikatoka kitu kama maji ya kusuuzia sufuria la chai. Mara ya pili karatasi niliiweka chini ya ndoo izuie maji. Nikatwanga tangawizi mbichi, nikakamua ndimu, nikatia iliki mbili tatu. Hamira yao tu ndiyo niliyoiacha kama ilivyo, maana ilikuwa na nguvu, haina harufu mbaya. Jikoni kulikuwa na joto la kuua, Maskati hii ya kiangazi si ya mchezo, kwa hivyo ndoo nikaiingiza chumbani kwangu chini ya kiyoyozi. Mwanangu akaja kuniangalia, akasimama mlangoni.

"Mama, unalala na ndoo?"

"Nimelala na baba yako akikoroma miaka yote ile. Ndoo itanishinda?"

Kidude kile kinasema. Hamira ikishaamka, kinatoa pumzi, bluku, kinanyamaza, bluku. Nyumba ilikuwa kimya, wageni hawaji, maziko ya watu tunayasikia kwenye simu. Nikimaliza kuswali nilikuwa nabaki kwenye mswala naisikiliza ndoo yangu. Kitu kiko hai mle ndani na ni mimi niliyekiwasha. Tukaagiza boksi jengine, na jengine. Mjukuu wangu anaosha chupa, mimi naonja na kutukana. Sijawahi kucheka na mtu kama nilivyocheka na mtoto yule.

Na msije mkanifanya mjinga wa dini. Nilimpigia shekhe wa msikiti wetu, nikamweleza ndoo na hamira na kila kitu. Akaniuliza, "Kinalevya?" Nikamwambia, "Hapa hajapepesuka mtu, hata mimi mwenye magoti mabovu." Akasema nisikilaze muda mrefu, nikitie kwenye baridi mapema. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Milango ilipofunguliwa, ikaja posa. Kijana mzuri, wakati wote tulipofungiwa alikuwa anampigia mjukuu wangu simu kumuuliza habari zake kwa adabu, na mtoto mwenyewe alikuwa anamtaka, sifichi. Walikuja kwetu wanawake wa ukoo wao, mbele yao shangazi wa kijana huyo, mwanamke wa makamo mwenye dhahabu mkononi na macho ya kukagua. Tukawapa halwa na kahawa, wakala sambusa na mkate wangu wa kumimina, wakasifu. Joto likawakaba. Nikainuka mwenyewe, nikatoa chupa zangu kwenye friji, nikazifungua mbele yao zikapiga kelele kama fataki, nikamimina juu ya barafu.

Shangazi akanywa. Akanywa tena. Akasema kwa Kiarabu, akiniita mama mdogo, "Khalti, hiki kinywaji kitamu sana. Mmenunua wapi?"

"Hakikununuliwa," nikamjibu. "Nimekipika mwenyewe. Tangawizi, ndimu, sukari, na hamira. Nakiumua kwenye ndoo chumbani kwangu."

"Hamira?" Glasi ikarudi mezani. "Kinaumuka? Kama bia?"

"Kinaumuka kama mkate uliokula sasa hivi."

Akacheka, akawageukia wenzake. "Ah, nyinyi wa Zinjibari na mambo yenu!"

Wenzake wakacheka naye, na glasi zote zikashushwa chini. Mjukuu wangu alikuwa ameshika trei. Nilimuona anavyoitazama mikono yake.

Wakaondoka kwa salamu nzuri. Simu za kijana zikapungua. Mwishowe shangazi akampigia mwanangu, kwa upole kabisa, kwamba wao hawana neno, wanatupenda, lakini maneno yamewafikia wazee wao kwamba nyumba ile bibi anapika ulevi. Basi tuseme tu kwamba kinywaji kilikuwa cha dukani, na bibi kwa umri wake alichanganya. Tukisema hivyo, mahari yatajwe, mambo yaendelee.

Mwanangu akaja kukaa kwenye kitanda changu, pembeni ya ndoo.

"Mama, ni neno moja tu. Mtu mzima kuchanganya mambo si aibu."

"Shekhe nilimuuliza."

"Watu hawamuulizi shekhe, mama. Wanaulizana wenyewe."

Hapo alisema kweli, na kweli yake ikanichoma. Kwa sababu mimi kuficha nakujua. Tulipohamia huku kutoka Zanzibar nikiwa kijana nilifundishwa: usiseme Kiswahili dukani, kanga usitoke nayo nje, ukiulizwa umezaliwa wapi taja kijiji cha babu cha huku, ambacho hujakiona. Nikaficha. Nikawalea watoto wangu kwa sauti ya chini mpaka mmoja wao leo hajui hata kunisalimia kwa lugha yangu. Sasa nimezeeka, naambiwa nifiche na akili. Nijitangaze kwamba nimepotewa, nikae pembeni niwe kikongwe cha kuonewa huruma, kila nitakalosema baada ya hapo watu wakonyezane. Na yote kwa ajili ya tangawizi!

Nikamwambia mwanangu: "Sisemi hivyo. Nimekipika mwenyewe, na akili zangu n'nazo."

Akatoka bila ya kufunga mlango.

Usiku ule hakuna aliyekula pamoja. Asubuhi akaja mjukuu wangu. Huyo ndiye niliyemuogopa. Baba yake ningeweza kumkaripia, huyu je? Yeye ndiye aliyeagiza boksi la kwanza. Yeye anajua.

"Bibi, nimempenda."

"Najua."

"Ni neno tu. Mimi na wewe tutajua ukweli. Wao waache waseme wanavyotaka."

"Na siku ukizaa huko, mtoto akiniuliza kitu, watamwambia nini? Usimsikilize huyo, amechanganyikiwa?"

Machozi yalimtoka na mimi yalinitoka, sijifanyi jiwe. Nilimshika kichwa nikamuweka mapajani kama alipokuwa mdogo. Lakini sikumpa alichokitaka.

Wenye haraka ya kujua nawaambia papa hapa: posa ilivunjika. Mwanangu mpaka leo likija jambo la harusi ya watu ananitupia jicho. Mjukuu wangu alininunia muda mrefu, akinipita kama anapita hewa, na ilikuwa haki yake. Sasa tunasema, tunacheka kidogo. Si kama zamani. Sidai kwamba nilimtendea wema. Nasema tu sikuweza jengine.

Ilivunjika hivi. Jioni ya siku ile ile mjukuu wangu aliyonililia, shangazi alipiga tena. Mwanangu akaiweka simu juu ya meza, sauti wazi, ili tusikie sote. Mjukuu wangu alikuwa amekaa mbele yangu. Shangazi akanisalimia, akaniuliza magoti, akaniombea umri. Sauti yake ilikuwa tamu, kama ya mtu anayemlisha mtoto mgonjwa.

"Khalti yangu, hatuna ugomvi. Wazee wetu wako hapa wanasikiliza. Sema tu kilikuwa cha dukani, ukachanganya. Kila mtu anasahau, hata mama yangu anasahau. Sema, tumalize, watoto wafurahi."

Mwanangu akanisogezea simu. Akanitikisia kichwa, taratibu, kama ananifundisha. Nikamtazama mjukuu wangu. Hakutikisa kichwa wala hakulia. Alikuwa ananiangalia tu, anangoja.

Nikaiinamia simu, nikasema kwa Kiarabu ili wazee wao wanisikie vizuri, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo nyumba ile haijapata kunisikia nikiitumia mbele ya wageni:

"Sisemi hivyo. Nimekipika mwenyewe, na akili zangu n'nazo."