Mama wa Kwenye Kadi

Nyumbani kwetu Kibiti tuna bima mbili. Yangu ni ya serikali, maana mimi ni mwalimu. Ya mume wangu ni ya kampuni binafsi, naye huisifu mpaka inachosha. Simbishii sana. Mwanetu alipougua tulikwenda nayo Dar es Salaam, tukakalishwa kwenye viti laini, daktari akatusikiliza mpaka tukamaliza. Kwa kadi yangu napanga foleni tangu asubuhi, na mara nyingine naambiwa dawa nikanunue nje. Lakini yangu inapokelewa hapa hapa na hata Utete, tena inakubali wazazi. Ya mume wangu inajua mke na watoto, basi.

Kwa hiyo mama alipovimba miguu kule visiwani alikoishi, tukaambiwa ni figo, nilimvusha kwa boti hadi bandari ya Nyamisati, nikamleta Kibiti kumwandikisha kwenye kadi yangu.

"Mama mzazi?" aliuliza karani wa dirishani.

Aliyenizaa alifariki kabla sijajua kutambaa. Huyu ni mdogo wake. Ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa kuuza kamba wa baharini. Kwetu mdogo wa mama ni mama, hakuna anayechimba zaidi.

"Ndiyo," nilisema.

Cheti changu cha kuzaliwa hakikuwepo. Karani akasema si neno, mama aape tu mbele ya hakimu kwamba ndiye aliyenizaa.

"Mwanangu, hapo siapi," mama alisema. "Aliyekuzaa ni dada yangu. Nikiapa nimekuzaa mimi, yeye namweka wapi?"

Hasira zilinipanda. Nilimwambia marehemu hana haja na kadi, mwenye haja ni yeye. Alijifunga mtandio wake vizuri, akanyanyuka kwenye benchi kwa shida, tukaondoka.

Tulimtibu kwa fedha zetu mpaka zikaisha. Akaomba kurudi kwake, na huko akafariki. Tulimzika karibu na dada yake. Bado nina hasira naye, na bado naona alisema kweli.

Baadaye nilimwandikisha mama mkwe wangu. Dirishani walitaka cheti cha ndoa tu, hawakumwapisha mtu. Ni mwanamke mwema, anatibiwa, nami namwombea uzima. Ila kila karani akisoma kadi na kuniambia, "Mwalimu, mama yako aingie," huwa sinyanyuki mara moja.